Ukuta Unaooza kwa Ndani: Uvira na kupotea kwa ujuzi wa udongo

Gonga ukuta wa nyumba ya Uvira kwa kifundo cha kidole, chini kabisa, shubiri mbili juu ya ardhi. Mara nyingi utasikia mlio mtupu, kama unagonga kibuyu. Hapo plasta ya sima imekwisha kuachana na tofali bichi lililo nyuma yake. Mwenye nyumba haoni kitu. Ukuta umepakwa rangi, umenyooka, unapendeza machoni. Lakini nyuma ya ngozi ile ngumu tofali linakunywa maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayopenya kwenye nyufa, wala halina pa kuyatolea, maana sima hailipi nafasi ya kupumua. Ipite misimu miwili mitatu ya mvua, kisha menya plasta hiyo kwa ncha ya kisu: tofali la safu ya kwanza litakumong'onyokea mkononi kama ugali uliolala.

Watu wakiona hivyo husema udongo hauna nguvu. Fundi husema hivyo, mwenye parseli husema hivyo, na kijana aliyetoka kusomea ujenzi huongeza kwamba dawa ni sima zaidi. Mimi sikubaliani nao. Udongo wa bonde la mto Ruzizi haujabadilika. Kilichopungua nguvu ni ujuzi wa kuujengea, na tunaulipia upungufu huo kwa miti ya mlimani, kwa fedha tunazovusha mpaka, na kwa maisha ya watu mvua kubwa inapokuja.

Nyumba ya zamani ya ufuko huu wa Ziwa Tanganyika haikuwa ya namna moja. Milimani, Wavira na Wafuliru walijenga msonge wa miti na nyasi, na mianzi ilishuka kutoka misitu ya juu upande wa Itombwe. Bondeni na kando ya ziwa, matete yalikuwa karibu zaidi kuliko mti wowote. Wasafiri Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, wakitaka kujua kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, njia ya kutoka Ujiji ilikuwa imekwisha kuzoeleka na wafanyabiashara. Kwa njia hiyo ya biashara ilienea nyumba ya mstatili: nguzo, fito, udongo wa kukandika, baraza mbele, na paa linaloshuka hadi usawa wa kifua. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, likaja tofali la kufyatua kwa kalibu ya mbao, na ukuta wa fito ukaanza kutoa nafasi kwa ukuta wa tofali bichi, adobe kama wanavyoandika kwenye mikataba.

Paa lile lililoshuka lilikuwa na kazi. Adui wa udongo ni maji, nayo huja kwa njia mbili, juu na chini. Paa pana liliyatupa mbali maji ya juu. Baraza lililoinuliwa na kusiribwa lilikinga chini ya ukuta. Na kila mwaka, mvua zikiisha, watu wa nyumba, hasa kina mama, walikanda tope na kufunika mahali palipochubuka. Ukuta ulihesabiwa kuwa kitu cha kuhudumiwa, kama mtumbwi unavyozibwa nyufa kabla ya kuingia majini.

Sitaki kuipamba nyumba hiyo. Mchwa waliila, panya walikaa ndani ya nyasi, na moto ulipoanza haukuwa na huruma. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara kuu kaskazini ya Uvira. Moto uliua watu zaidi ya 230 na kupita kwenye nyumba za udongo na nyasi zilizokuwa jirani. Aliyeona usiku ule, au aliyezika siku iliyofuata, hahitaji kuelezwa kwa nini familia hujinyima mpaka ipate manjanja, yaani bati, ya kuezekea. Bati lilikuja kwa haki yake. Kosa limo katika namna tulivyolipokea.

Nyasi zilipokuwa paani, paa lilitoka nje ya ukuta kwa hatua nzima ya mtu. Bati linanunuliwa kwa idadi, na kila karatasi ni fedha. Kwa hiyo paa linakatwa karibu na ukuta, shubiri moja ikizidi sana. Viwanja navyo vimegawanywa na kugawanywa tena: baba amekigawa kiwanja kwa watoto, watoto wameuza nusu, na paa likitoka kidogo maji yanamwagikia kwa jirani na kesi inafika kwa chifu wa kartiye, yaani mtaa. Basi maji ya bati zima, ambayo nyasi zingeyanywa na kuyachelewesha, yanaanguka kwa kishindo mguuni pa ukuta. Yanachimba mfereji wake yenyewe, na matone yanayoruka kutoka ardhini yanaupiga ukuta kutoka chini. Mwenye nyumba akiona chini pameliwa, anaita fundi apige plasta ya sima. Hapo ndipo ukuta unapoanza kuoza kwa ndani.

Mwenye uwezo zaidi hukimbilia tofali la kuchoma. Hili nitalisemea kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tunaamini ndilo ushindi juu ya udongo.

Mvua zikikatika, kuanzia Juni, kazi huanza kandokando ya maji. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji na kulazwa usiku. Asubuhi unakandwa kwa miguu hadi unanata, unapigwa ndani ya kalibu, na matofali yanaanikwa chini ya nyasi, yanageuzwa, yanapangwa. Yakikauka hupangwa kuwa furu: rundo kubwa kama nyumba, midomo ya moto chini, nje limekandikwa tope. Kisha magogo yanasukumwa ndani mchana na usiku, siku kadhaa mfululizo. Sehemu kubwa ya joto hilo haiingii kwenye tofali. Hupotea angani na katika tope la nje, kwa kuwa furu la namna hii halina ukuta wa kudumu wala bomba la kuuongoza moto. Siku ya kulifungua utayaona makosa yake kwa macho: ya katikati yameungua hadi kuwa meusi na kupinda, na ya pembeni yana wekundu hafifu, ukiyakwaruza kwa ukucha yanatoa unga. Hayo ya pembeni huuzwa pamoja na mengine. Hayakuiva, na tofali lisiloiva likikaa majini hulegea vilevile kama bichi. Nyumba iliyojengwa kwa tofali bichi zuri, juu ya msingi wa mawe na chini ya paa pana, itaishi kuliko nyumba ya matofali hayo. Mnunuzi amezilipia kuni za tofali, hakupata nguvu yake.

Na kuni hizo zinatoka wapi? Mikaratusi iliyopandwa ikiisha, watu hupanda juu zaidi. Milima ya Mitumba inasimama nyuma ya mji kama ukuta, na mji wenyewe umejengwa juu ya mchanga na mawe ambayo mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira imekuwa ikishusha kwa maelfu ya miaka. Miteremko ile sehemu kubwa iko uchi. Haki lazima itendeke hapa: matofali siyo yaliyoimaliza miti peke yake. Makala, yaani mkaa wa kupikia, na mashamba ya mihogo kwenye mteremko yana sehemu yao, na huenda ndiyo kubwa. Lakini kupika kila siku hakuepukiki mpaka mtu apewe nishati nyingine. Kuchoma tofali kwa ajili ya nyumba ya chini, ya ghorofa moja, kunaepukika leo hii.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, na Mulongwe ukatoka njiani mwake. Haukuja kama maji tu. Ulikuja na mawe makubwa, magogo na matope. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kuharibika, makumi ya maelfu ya watu walibaki bila makazi, na mitambo ya REGIDESO, shirika la maji, ikaumizwa mji ukiwa tayari unajulikana kwa kipindupindu. Mji ulikuwa umewahi kupigwa namna hii, mwaka 2002. Katika matope ya 2020 ukuta wa udongo na ukuta wa tofali la kuchoma vyote vililala. Jiwe linaloshushwa na mto wa mlimani halichagui. Kilichofuata ndicho kinachonisumbua: kujenga upya kulianza kwa kuchimba mchanga na mawe kwenye mikondo ya mito ileile, na kwa kuwasha mafuru mapya.

Sima nayo ina safari yake. Sehemu kubwa inatoka ng'ambo: Rwanda ina kiwanda cha CIMERWA kule Bugarama, Burundi ina BUCECO kule Cibitoke, na mifuko mingine huvuka ziwa kutoka Kigoma. Ndani ya Kongo yetu, kwenye ufuko huuhuu wa ziwa, kiko kiwanda cha Kabimba karibu na Kalemie. Mpaka ukifungwa, bei ya mfuko mmoja hupanda na ujenzi husimama. Kutengeneza sima ni kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1450 hivi, na viwanda vyake duniani vinahesabiwa kutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Uvira haijachangia hata chembe ya kuonekana katika hesabu hiyo. Hoja yangu kwa mji huu ni nyingine: sima ni ghali na haina uhakika, kwa hiyo inapasa kuwekwa pale tu isipoweza kukosekana. Sisi tunaipaka pale inapoharibu.

Kwa nini basi imekuwa hivi? Sababu moja imo katika neno. Serikali ilirithi kutoka kwa wakoloni madaraja ya nyumba, na hadi leo watu huzipanga hivyo: ya durable, ya nusu durable, na isiyo durable. Maana yake ni ya kudumu, lakini katika ofisi na katika vinywa vya watu imekuja kumaanisha sima. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inaifanya ardhi kuwa mali ya taifa na kumtaka mwenye kiwanja akiendeleze, na raia ameelewa kwamba kuendeleza ni kusimamisha kitu kinachofanana na sima. Mwenye nyumba ya udongo anahofia kuwa siku moja kiwanja chake kitahesabiwa kitupu. Hapo plasta inageuka kuwa karatasi ya kujilinda. Ndiyo maana anaipaka hata akijua itabanduka.

Sababu nyingine ni vita. Oktoba 1996 vita vilianzia huku kwetu, na mji ukawa miongoni mwa miji ya kwanza kuanguka. Vya 1998 vikafuata, na havijatuacha mpaka sasa. Ujuzi wa udongo hauandikwi. Unapita kutoka mkono wa fundi mzee hadi mkono wa kijana anayemkandia tope, mwaka hata mwaka. Mtu anayehama mara tatu katika miaka kumi hajengi nyumba ya kumfikishia wajukuu. Anajenga kibanda cha kuvukia msimu wa mvua, bila msingi, na mtoto anayemtazama baba yake anajifunza kwamba hivyo ndivyo nyumba ya udongo inavyojengwa. Kizazi kizima kimejifunza ukuta wa dharura kikidhani ndio ukuta wa jadi. Hasara hii naiona kubwa kuliko ya miti, kwa sababu mti unaweza kupandwa.

Ziwa lenyewe nalo limetufunza jambo ambalo nyumba bora ya aina yoyote haiwezi kulijibu. Maji ya Tanganyika yalianza kupanda karibu mwaka 2020, na mwaka 2024 yalipita mita 777 juu ya usawa wa bahari. Kalundu bandarini na kartiye za ufukoni nyumba za sima, nyingine nzuri sana, zilisimama ndani ya maji hadi madirishani. Hili si jipya kwa ziwa. Miaka ya mwanzo ya 1960 lilipanda pia. Kabla ya hapo, msafiri Cameron alipoukuta mwaka 1874 mdomo wa Lukuga, mto unaotoa maji ziwani, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, na maji yalipouvunja, karibu mwaka 1878, ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Sehemu za chini tunazozigombania leo zilikuwa chini ya maji wakati ule. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko hati ya kiwanja. Anayejenga pale, kwa udongo au kwa nondo, amekopa ardhi.

Kwingine watu wamechukua njia tofauti, wengine wako karibu sana nasi. Rwanda ilitoa mwaka 2019 masharti ya kujenga kwa rukarakara, yaani tofali bichi, badala ya kulipiga marufuku tu. Mradi wa Uswisi wa PROECCO, ulioanza miaka ya 2010 na kuzihusu Rwanda, Burundi na Kongo, ulihimiza matanuru yanayotumia mabaki ya mashamba na tofali lenye matundu linalokula udongo na moto kidogo. Bonde la Ruzizi linalima mpunga, na pumba zake huweza kuchoma tofali. Kule Kiliba kiwanda cha sukari, ambacho mabaki ya miwa yake yangefaa kwa kazi hiyohiyo, kilinyamazishwa na vita. Dar es Salaam, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza tofali la kufungamana: udongo na sima kidogo hushindiliwa kwa mashine ya mkono, na tofali hukomaa kivulini bila kijiti cha kuni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali, Burkina Faso. Mwaka 2001 msanifu majengo Francis Kéré alimaliza shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, kwa tofali la udongo lililochanganywa na sima kidogo. Bati hakulikataa. Aliliinua juu ya dari ya tofali, akalitoa nje kabisa ya kuta, hewa ikapita katikati na mvua ikaanguka mbali. Watu wa kijiji ndio waliojenga. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Udongo na bati, vitu vilevile tulivyo navyo Uvira, tofauti ikiwa ni paa lilipowekwa.

Yapo mambo udongo hauyawezi peke yake, na wanaoupigania wasiyafiche. Tumekaa juu ya ufa wa dunia. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya ziwa lilikuwa na ukubwa wa 6.8, na lile la tarehe 3 Februari 2008 lililopiga Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi liliangusha majengo ya matofali, makanisa yakiwemo, juu ya watu. Ukuta wa tofali bichi usio na mkanda wa kuufunga hupasuka pembeni na kuanguka mzima. Hapa ndipo sima yetu kidogo inapostahili kwenda: mkanda unaoizunguka nyumba juu ya milango na madirisha, wenye nondo ndani, na mawe ya msingi. Mifuko inayoliwa na plasta ya nje ingetosha kuanza kazi hiyo.

Kwa aliye na nyumba tayari, sina haja ya kumwambia abomoe. Aanze na safu za chini. Abandue plasta ya sima mpaka usawa wa goti na auache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Tofali lililooza alitoe kipande kwa kipande, upana wa mkono mmoja kwa wakati, na mahali pake ajenge kwa mawe. Juu ya mawe apake udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, au chokaa akiipata. Vyote viwili huuachia ukuta utoe maji. Achimbe mfereji hatua moja kutoka ukutani, uende kwenye njia ya maji na si kwa jirani. Karatasi moja ya bati akiiongeza kwenye ukingo wa paa, asiikate. Udongo wa kutumia aupime kwanza: aujaze nusu chupa, aongeze maji na chumvi kidogo, atikise, aache hadi kesho. Mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu, na macho yatamwambia kama mfinyanzi umezidi. Ukizidi, ukuta utapasuka, naye ataongeza mchanga.

Ofisi ya mji naiomba jambo moja: iandike kwamba nyumba ya udongo yenye msingi wa mawe, mkanda wa juu na paa pana ni nyumba ya kudumu, na kiwanja chake kimeendelezwa. Shule za ufundi naziomba ziwaite mafundi wazee darasani kabla hawajaisha. Kila mwenye nyumba namwomba aende leo agonge ukuta wake. Mvua za Uvira hukatika mwishoni mwa Mei na kurudi Septemba, na ukuta uliobanduliwa Juni huwa umekauka kabla hazijarudi.